Kamiyo Iliyovuka Naviundu

Harufu ya petroli hunirudisha utotoni bila kuniomba ruhusa. Wajukuu wangu wananicheka. Gari likisimama kwenye kituo cha mafuta, mimi hushusha kioo, nikafumba macho na kuvuta pumzi kama mtu anayenusa mchuzi wa samaki jikoni kwa jirani. "Nkambo, hiyo itakuua," wananiambia. Siwajibu. Nikiwajibu itanibidi niwasimulie habari ya kamiyo, lori kwa Kiswahili cha kwetu, na habari ile haisimuliwi nusunusu, tena katikati ya foleni. Basi nitawasimulia ninyi, maana mmekaa na mna nafasi.

Nilikulia Lubumbashi, ambayo siku hizo kwenye karatasi za Wazungu iliitwa Élisabethville. Tulikaa mtaa wa watu weusi, nyumba za matofali zilizopangwa mstari kama wanafunzi wa padri. Upepo ukigeuka, moshi wa kiwanda cha shaba ulitushukia na ukali wake wote, na mama zetu walikimbia kufunika vyungu huku wakikohoa na kulaani. Sisi watoto tulikohoa pia, lakini kwetu ulikuwa mchezo: tulishindana nani atakohoa kwa sauti nene zaidi.

Jina langu ni Numbi. Baba yangu, Ilunga, alitoka kaskazini na kuletwa mjini na kazi ya reli. Wazungu walipoanza vita yao ya pili, nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Walipita wakitafuta vijana wenye vifua vipana, wakamchukua. Kwa hiyo nilikua bila kumjua, na hatukuwa na picha yake hata moja.

Vita yenyewe hatukuiona, lakini tuliionja. Vitambaa viliadimika madukani mpaka mama akanishonea gauni kwa gunia la unga, na maandishi ya gunia yakakaa sawasawa kwenye makalio yangu. Mwanamke aliyefika kutoka kijijini kwao alisema huko watu wazima wanapelekwa msituni kutafuta mpira wa kuwatengenezea Wazungu magurudumu. Kiwanda kilinguruma bila kupumzika, kwa kuwa shaba ilitakiwa sana. Na sisi watoto tulijua Abisinia, Lagos na Kairo kama tulivyojua majina ya watakatifu: hatukujua ziko wapi, ila tuliamini zipo.

Siku askari wetu waliporudi, mtaa mzima ulihamia stesheni. Wanawake walijipaka unga mweupe usoni, ngoma zilipigwa tangu asubuhi, na vumbi jekundu lilipanda hata huoni aliyesimama mbele yako. Gari la moshi liliingia likipiga filimbi ndefu, askari wakining'inia madirishani na kupunga kofia.

Nilikuwa na kazi yangu siku ile. Mama aliniambia baba ana pengo la jino mbele. Mimi nilikuwa katika umri wa kung'oka meno, na pengo langu lilikuwa pale pale. Basi nikamvuta mkono kila askari aliyeshuka na kumwambia, "Baba, cheka kidogo nione meno!" Wengi walicheka kwelikweli, na meno yao yalikuwa kamili, nami nikawaacha nikaenda kwa mwingine. Mpaka nikafika kwa mmoja mrefu, mwembamba, mwenye koti zito lisilofaa kwa jua letu. Huyo hakucheka. Alichuchumaa, akatazama kinywa changu kwanza.

"Weye njo Numbi?" akaniuliza.

"Njo miye. Fungula kinywa."

Akafungua. Pengo lilikuwepo. Nilipiga kelele ambayo mama aliisikia juu ya ngoma zote, akaja akisukuma watu, unga wa usoni umeshageuka matope kwa machozi.

Baba alikuwa amejifunza kuendesha kamiyo vitani. Yeye na wenzake waliyatoa malori Lagos, wakavuka nayo jangwa mpaka Kairo. Alidhani ufundi huo utamfaa nyumbani. Akavaa koti lake, akabandika nishani yake, akaenda ofisi moja baada ya nyingine. Walilisifu koti, wakaisifu na nishani, kisha wakamwambia kazi ya kuendesha haipo kwa mtu kama yeye. Akarudi kubeba mizigo kama zamani.

Lakini nyumbani kwetu alikuwa dereva. Jioni aliketi kwenye kiti mbele ya mlango, kifuniko cha sufuria mkononi ndicho usukani, mchi wa mama ndio gia, na watoto wa mtaa tukajipanga nyuma yake kwenye mkeka. Nauli ilikuwa karanga. Alinguruma kwa mdomo, alipinda, alifunga breki, na sisi tuliangukiana tukicheka mpaka tukaumwa mbavu. Mama aliita kutoka nyuma ya nyumba, majani ya mihogo yakimngoja kwenye kinu, "Ilunga! Leta muchi wangu! Sombe itajiponda yenyewe?" Naye baba alijibu kwa heshima kwamba kamiyo haiwezi kusimama katikati ya jangwa, bibi angoje kidogo.

Sharti lilikuwa moja tu. Kiti cha kulia kwake, kando ya dereva, hakikaliwi. Ukijaribu kukikalia alikuhamisha nyuma kwa upole. Nilifikiri ni mahali pa mizigo.

Miaka ikasogea. Mji ulikuwa umechangamka baada ya vita; baiskeli mpya ziling'aa barabarani, vitambaa vilirudi, na kila Jumapili palikuwa na muziki wa sahani za santuri kwenye baa za mtaani. Jumapili moja ya masika, baada ya misa, tulikwenda shambani ng'ambo ya mto Naviundu kung'oa karanga. Tulikuwa kundi la wanawake, mimi na mama, na jirani yetu Mama Sofia, ambaye tumbo lake lilikuwa limefika mbali lakini alikataa kubaki nyumbani peke yake. Baba alikuja ili abebe magunia.

Mvua ilishuka kama ndoo iliyopinduliwa. Tukajificha kwenye kibanda cha nyasi, na humo ndani Mama Sofia akashika tumbo. Kwanza alisema si kitu. Kisha akaacha kusema. Mama yangu, aliyekuwa amezalisha wengi, alimpapasa kwa muda, akainua uso, na sura yake sikuipenda.

"Mutoto analala mubaya," akamwambia baba. "Hapa hatuwezi. Inafaa opitali."

Wakamtengenezea machela kwa vitenge na miti, wakambeba mpaka barabarani. Hapo tukaona mto. Naviundu mnayoijua, ya kufulia nguo, ilikuwa imevimba na kupita juu ya daraja la magogo. Hakikuonekana kitu isipokuwa maji ya kahawia yanayokimbia. Na mbele ya maji ilisimama kamiyo.

Ilikuwa ya Mgiriki mmoja mfanyabiashara, ikitoka Mokambo na shehena ya samaki wakavu na unga. Mgiriki mwenyewe alikuwa ameinamia usukani, meno yakigongana. Malaria ilikuwa imempata njiani. Baba alimgusa paji la uso kama unavyomgusa mtoto.

"Bwana, tunaomba kamiyo. Iko mama anataka kuzala."

Mgiriki alifungua jicho moja. "Weye? Unayua kuendesha?"

"Nalitoka nayo Lagos mpaka Kairo."

Sijui kama aliamini, au homa ilimfanya asijali. Alijaribu kusogea kumpisha, akaanguka upande kama gunia, akatapika. Wanawake wakamshusha, wakampandisha nyuma na kumlaza juu ya magunia ya unga, karibu na Mama Sofia waliyekwisha kumpandisha, maana mahali pengine pakavu chini ya turubai hapakuwepo. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijaliona tena maishani: Mzungu na mwanamke mweusi wamelala bega kwa bega, wote wawili wanaugua kwa sauti. Mzungu alizidi. Mama yangu akamgeukia: "Weye nyamaza! Hauzale!" Na Mgiriki, maskini, akanyamaza.

Baba alivua viatu, akaingia majini. Alitembea juu ya magogo akiyatafuta kwa nyayo, maji yakimfika magotini, na kila alipopata ukingo wa daraja alichomeka kwenye ufa mti mmoja wa machela uwe alama, akafunga juu yake kipande cha kitambaa. Aliporudi midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Akashika ile fimbo ya chuma ya mbele, akaizungusha mara kadhaa, injini ikakohoa, ikanguruma. Nilisahau hofu yote. Kamiyo ya kweli! Na baba yangu ndiye dereva!

Kisha akanitazama. "Panda hapa," akasema, akapiga kiti cha kulia kwa kiganja. "Toka na kichwa inje. Gurudumu ikikaribia muti, unapiga kelele sana."

Nikapanda. Harufu ya petroli, ya samaki, ya ngozi ya kiti iliyolowa; nazisikia hata sasa. Tukaingia majini.

Mto ulitupiga ubavuni, na kamiyo nzima ikatetemeka kama ng'ombe anayefukuza nzi. Baba hakutazama maji. Alitazama mbele tu, mikono imekaza usukani, na akaanza kusema. "Banza, upande wako. Banza, angalia."

"Baba, ni miye Numbi."

"Banza! Sema!"

Sauti hiyo haikuwa ya mchezo wa mchi na kifuniko. Basi nikawa Banza. Nikatoa kichwa na kifua dirishani, mvua ikinichapa macho. "Iko muzuri! Enda! Enda, baba! Sasa inakaribia. Inakaribia! Rudia kushoto!"

Alirudi kushoto, lakini gurudumu la nyuma lilikuwa limeshakosa gogo. Kamiyo ikainama upande wangu. Niliona maji yakija usoni kwangu, nyuma wanawake wakapiga ukelele, na injini ikapunguza sauti kama inayotaka kulala. Baba akatulia. Sikuelewa kwa nini ametulia. Aliyatazama yale maji kana kwamba kuna mtu ndani yake anayemtafuta.

Nikampiga begani kwa ngumi yangu. "Baba! Banza anasema enda! Enda!"

Akashtuka. Akakanyaga, injini ikalia, gurudumu likazunguka bure, likashika, likapanda. Tukatoka upande wa pili tukirukaruka kwenye mashimo, wanawake wakishangilia nyuma kama harusini. Na hapo baba akaweka kiganja kwenye honi, asikiondoe tena. Alipiga honi bonde zima la Naviundu, akaipiga barabara yote ya kuingia mjini, mbuzi wakikimbia, watu wakitoka kwenye nyumba zao na mvua ile kutazama. Nami nikapunga mkono kwa kila mtu. Hakuna malkia aliyewahi kuingia mjini kwa fahari kuliko mimi na gauni langu lililolowa.

Kwenye kizuizi cha mjini polisi alisimama katikati ya barabara, mkono juu. Mtu mweusi kwenye usukani wa kamiyo ya Mzungu, tena hana karatasi yoyote: nilijua atamkamata. Lakini turubai ya nyuma ikafunuka, akatokea Mgiriki, nywele zake nyeupe kwa unga, akapiga kelele, "Acha apite! Huyu dereva yangu! Pita, pita!" Mama alituambia baadaye kwamba mkono wa Mama Sofia ndio uliomsukuma ainuke.

Tulifika hospitali, masista wakatoka mbio na machela. Mama aliingia nao. Sisi wengine tulingoja barandani, nguo zikichuruzika maji. Baba alikaa sakafuni ameegemea ukuta. Kabla jua halijazama mama akatoka, kilemba chake begani, akasema, "Ni mwanaume. Na mama yake anaomba uji." Wanawake wakaanza kucheza pale pale, mpaka sista akatutishia kutufukuza, kisha naye akacheka.

Mgiriki alipopona alifika nyumbani kwetu mwenyewe. Alikuwa mtu wa makelele na mkono mwepesi wa kugawa samaki. Alimhangaikia baba mpaka akapata ruhusa ya kuendesha, na tangu hapo baba akawa dereva wake. Alikwenda Sakania, Mokambo, kila mahali palipokuwa na kitu cha kuuzwa. Mama akapata mashine ya kushonea. Mimi nikapata viatu.

Na nikapata jina. Nilitangaza mtaani kwamba siku hizi naitwa Banza, ni jina la kiaskari nililopewa na baba kwa ushujaa. Wavulana walipinga, wakisema hilo ni jina la mwanaume, nikawapiga, wakalikubali. Jioni moja baba alirudi kutoka kazini akawasikia wakiniita, "Banza! Banza, leta mupira!" Akasimama barabarani na chakula chake mkononi. Nilidhani atafurahi. Aliingia ndani, na usiku ule hakula. Mama akanishika sikio: "Jina hilo basi. Usiniulize juu ya nini." Sikuuliza.

Nilikuja kuuliza bila kuuliza, miaka mingi baadaye, nilipokuwa msichana wa kuchumbiwa. Mgiriki alimtuma baba kaskazini kununua samaki kwenye mto Lualaba, na baba akaniambia niende naye. Njiani midomo yake ilikuwa ikitikisika, kama mwanafunzi anayekariri katekisimu. Baada ya kijiji kimoja aliacha barabara kuu, akafuata njia ya baiskeli mpaka penye nyumba moja ya udongo, mwanamke mzee anapepeta mihogo uani.

Alizima injini. Hakushuka. Ndipo akaniambia, akitazama mbele kama siku ile ya mto.

Banza alikuwa mwenzake katika kamiyo, kijana wa Kiluba kama yeye. Baba aliendesha, Banza alikaa kulia na kutazama njia. Katikati ya jangwa walikwama kwenye mchanga. Banza akashuka, akatangulia kwa miguu kutafuta ardhi ngumu, na tufani ya mchanga ikafika. Baba aliamriwa asitoke kwenye gari. Akapiga honi ili mwenzake afuate sauti. Alipiga mpaka betri ikafa. Walimpata tufani ilipokwisha, si mbali. Na huyu mwenye ungo ndiye mama yake.

"Tangu tulirudia, niko nawaza kukuya hapa," akasema. "Nitamwambia nini?"

Tukashuka. Mama Banza alitupokea kama wageni, akatuletea viti. Baba alibaki amesimama, kofia mkononi, akamsimulia yote kwa Kiluba, mchanga, honi, betri, amri aliyopewa. Jasho lilimtiririka. Aliomba radhi kwa kila kitu, hata kwa upepo. Yule mama alisikiliza bila kumkatiza, mikono yake imetulia juu ya mihogo. Serikali ilikuwa imemletea habari ya kifo zamani, mjumbe akamwambia mwanao amekufa vitani, akaenda zake.

Baba alipomaliza, yule mama aliweka ungo kando. Kisha akauliza:

"Siku ile, alikuwa amekula?"

Baba alimtazama kama hakusikia vizuri. Katika yote aliyokariri njiani, jibu hilo hakuwa nalo tayari. Ilibidi alitafute. "Alikula, mama," akasema polepole. "Asubuhi tulikula mikate mikavu, na matunda ya huko, yanaitwa tende. Yeye alikula yangu pia."

"Matunda matamu?"

"Matamu sana."

Mwanamke akacheka, mkono mdomoni, machozi yakimshuka. "Huyo ndiye Banza! Miwa ya watu wote hapa kijijini iliishia tumboni mwake." Akaanza kutusimulia miwa ya nani, na nani alimkimbiza na fimbo, na baba akakaa kwenye kiti, akacheka naye, akaonyesha pengo lake.

Mimi nilikaa chini karibu nao, na pale ndipo nilipoielewa vita. Kwangu ilikuwa ngoma za stesheni, gauni la gunia, majina matamu ya miji ya mbali. Kwa baba ilikuwa honi aliyodhani hakuipiga vya kutosha. Na kwa yule mama, miaka yote hiyo, ilikuwa swali moja dogo ambalo mama yeyote hujiuliza mwanawe akichelewa kurudi, na hakuna mtu aliyekuwa amefika kwake ili aulizwe.